Kabla ya kununua runinga ya HD, pima sebule yako na macho yako

Ukipita Luthuli Avenue jijini Nairobi mwisho wa mwezi, utawaona watu wakitoka madukani na makatoni makubwa ya runinga. Wengine wanatafuta matatu itakayowakubali na mzigo huo, wengine wanapanda bodaboda huku katoni imeegemezwa mgongoni. Ukiwauliza walichunguza nini kabla ya kutoa pesa, watakutajia bei, inchi na muda wa dhamana. Ni wachache watakaokuambia kwamba walipima umbali kati ya ukuta na kochi, na wachache zaidi waliofikiria macho, shingo na masikio ya watu watakaokaa mbele ya chombo hicho kwa saa tatu au nne kila jioni.

Wiki hii tutaeleza namna ya kuchagua runinga ya HD na deki ya kuchezea filamu, na namna ya kuvitumia bila kuumiza jamaa zako.

Tuanze na hofu ya zamani. Wengi wetu tulilelewa kwa onyo moja: usikaribie runinga, itakupofusha. Onyo hilo halikutoka hewani. Mnamo 1967 kampuni ya General Electric ya Marekani ililazimika kurekebisha maelfu ya runinga za rangi zilizokuwa zikitoa miale ya eksirei kupita kiasi, na mwaka uliofuata nchi hiyo ikapitisha sheria ya kudhibiti miale ya vyombo vya elektroniki. Miale hiyo ilitokana na tyubu nzito ya kioo iliyokuwa ndani ya runinga zenye mgongo, ambayo huhitaji umeme wa maelfu ya volti. Runinga bapa za leo hazina tyubu hiyo. Nyingi huangazwa kwa taa ndogo za LED zilizo nyuma ya kioo, na hazitoi eksirei kabisa. Kwa hivyo, mtoto akiikaribia runinga bapa hatapofuka. Hata hivyo, kukaribia huko kuna maana nyingine, nasi tutairudia.

Inchi na umbali

Picha ya runinga hutengenezwa kwa vinukta vidogo vilivyopangwa kwa mistari. Runinga inayoitwa HD huwa na mistari 720 au zaidi kidogo kutoka juu hadi chini. Ile ya Full HD ina mistari 1080, na ya 4K ina 2160. Mwenye duka atakuambia kwamba mistari ikiwa mingi picha huwa bora. Ni kweli, lakini asichokuambia ni kwamba jicho la binadamu lina kikomo chake.

Jicho zima huweza kutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa milimita moja ukiwa umbali wa karibu mita tatu na nusu. Ukirudi nyuma zaidi, nukta hizo huonekana kama moja. Chukua basi runinga ya inchi 55, ambayo upana wake ni kama sentimita 122. Ikiwa ni ya Full HD, vinukta vyake huungana machoni mwako ukikaa zaidi ya mita mbili na robo hivi. Maana yake ni kwamba ukiwa na kochi lililo mita tatu kutoka ukutani, itakuwa vigumu kwako kutofautisha picha ya Full HD na ya 4K katika kioo cha ukubwa huo, na pesa ulizoongeza kwa sababu ya 4K zitakuwa zimekwenda bure. Afadhali uzitumie kununua runinga yenye sauti nzuri au rangi bora.

Kinyume chake pia hutokea. Diski ya kawaida ya DVD ina mistari 576 pekee. Ukiicheza kwenye runinga hiyo ya inchi 55, picha itaonekana na ukungu mpaka ukae kama mita nne nyuma, na katika chumba kimoja cha Pipeline au Kayole hakuna mita nne. Watu wengi huamini kwamba macho yao yameanza kuharibika, kumbe ni diski kuukuu katika kioo kikubwa mno. Ukungu wa namna hiyo hauharibu macho. Huchosha tu, kwa sababu mtu hukaza macho akitafuta kile ambacho hakimo katika picha.

Kwa starehe ya macho na shingo, kanuni rahisi ni hii: pima runinga kutoka pembe hadi pembe, kisha ukae mbali kwa kati ya mara moja na nusu na mara mbili na nusu ya kipimo hicho. Runinga ya inchi 32 itataka kama mita moja na robo hadi mbili. Ya inchi 43 itataka mita 1.6 hadi 2.7, na ya inchi 55 mita 2.1 hadi 3.5. Beba utepe wa fundi cherehani, upime sebule kabla ya kwenda dukani. Katika nyumba nyingi za kupanga, inchi 32 au 43 hutosha kabisa, hata jirani akiwa na 65.

Mwangaza

Dukani runinga huwashwa kwa mwangaza wa juu kabisa na rangi kali ili ishindane na taa za duka na runinga nyingine zilizo kando yake. Ukiileta nyumbani ikiwa hivyo, utakuwa umewasha kurunzi mbele ya uso wako. Fungua orodha ya picha kwa kutumia rimoti, uondoe mpango unaoitwa Vivid au Dynamic, uchague Cinema, Movie au Standard. Siku ya kwanza utaona kana kwamba picha imefifia na kuwa ya manjano. Ngoja siku tatu, macho yatazoea.

Usitazame runinga katika giza totoro. Mboni za macho hupanuka gizani, nao mwangaza wa kioo unaobadilika kila mara huzichosha. Taa ndogo nyuma ya runinga au pembeni mwa chumba inatosha, mradi isiakisiwe kwenye kioo. Kumbuka pia kwamba mtu anayekodolea picha hupunguza kupepesa, na machozi yanayolainisha jicho hukauka. Ndiyo sababu macho huwasha mpira ukifika dakika za nyongeza. Kila baada ya dakika 20 hivi angalia kitu kilicho mbali kama mita sita kwa sekunde 20, na upepese kope mara kadhaa. Nani atafanya hivyo katikati ya fainali? Basi afanye wakati wa matangazo.

Kuna miwani inayouzwa ya kuzuia mwanga wa buluu. Mwaka 2023 shirika la Cochrane lilikusanya majaribio 17 ya miwani hiyo, na halikupata dalili kwamba hupunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida. Pesa hizo zihifadhi kwa ajili ya kupimwa macho.

Mtoto anayekaribia kioo

Hapa ndipo ninapomwomba mzazi asome polepole. Mtoto akiwa na mazoea ya kusimama karibu na runinga, hukaripiwa, huvutwa sikio, hurudishwa kwenye kochi, na baada ya dakika mbili yuko palepale. Wengi humwona kuwa mkaidi. Mara nyingi mtoto huyo haoni mbali. Hajui kwamba wengine wanaona tofauti na yeye, kwa sababu hajawahi kuazima macho ya mtu mwingine. Anajua tu kwamba akisogea, mchezaji anapata uso na maandishi yanasomeka.

Mtoto kama huyo, akiketi nyuma darasani, haoni ubao. Ananakili kutoka kwa jirani yake, anakosea tarakimu, anaambiwa ni mzembe. Miaka hupita, alama zinashuka, na mzazi anatafuta mwalimu wa kumfunza jioni ilhali mtoto alihitaji miwani. Runinga yako ya HD inaweza kukusaidia kuligundua jambo hilo mapema. Mketishe mtoto mahali unapoketi wewe, mwambie asome alama za mpira zilizo pembeni mwa kioo au maneno yanayopita chini wakati wa habari. Kisha mzibe jicho moja kwa kiganja, halafu la pili. Akishindwa ilhali wewe unasoma, au akikunja uso na kuinamisha kichwa upande, mpeleke kwa mtaalamu wa macho. Hiki si kipimo cha daktari, lakini ni sababu ya kutosha ya kumwona daktari.

Je, runinga ndiyo iliyomharibu? Wataalamu hawaelekezi kidole kwa runinga hasa, bali kwa saa nyingi za kazi ya karibu na uchache wa saa za kuwa nje. Katika jiji la Guangzhou nchini China, watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: baada ya miaka mitatu, watoto 30.4 kwa kila 100 kati yao walikuwa wamepata shida ya kutoona mbali, ikilinganishwa na 39.5 kwa kila 100 katika shule ambazo hazikubadilisha ratiba. Mwanga wa mchana hauuzwi. Mtoto akicheze nje ya ploti kwanza, katuni zije baadaye.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 likisema kwamba watoto walio chini ya miaka miwili hawafai kuketishwa mbele ya runinga, na wale wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku. Najua mama anayepika peke yake jioni atacheka akisoma hayo. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya nusu saa ya katuni chakula kikiiva na runinga inayowaka kutoka asubuhi hadi usiku kama vile ni redio.

Mmweko na kifafa

Tarehe 16 Desemba 1997, watoto wapatao 685 nchini Japani walipelekwa hospitalini baada ya kutazama kipindi kimoja cha katuni za Pokémon. Katika kipindi hicho kulikuwa na sekunde chache za mmweko wa rangi nyekundu na buluu zikipokezana kwa kasi. Baadhi yao walipatwa na degedege kwa mara ya kwanza maishani. Watu wanaoathiriwa na mmweko ni kama watatu katika kila mia moja ya wenye kifafa, na wengi wao ni watoto na vijana. Nchini Uingereza kanuni za utangazaji huzuia mmweko unaozidi mara tatu kwa sekunde. Video unazopakua mwenyewe na kuzicheza kwa deki hazijapitia mikononi mwa mtu yeyote wa kuzikagua.

Kioo kinapokuwa kikubwa, angavu na karibu, hatari huongezeka, hasa chumba kikiwa giza. Ikiwa kuna mwenye kifafa nyumbani, acha taa ikiwaka, akae angalau mita mbili na nusu, na umfundishe kwamba mmweko ukianza azibe jicho moja kwa kiganja na kugeuza uso. Kufumba macho pekee hakutoshi, kwani mwanga hupenya kope. Akianguka, mwondolee vitu vigumu, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole kinywani, na uangalie saa. Degedege ikipita dakika tano, mkimbize hospitalini. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo wenye dawa, na anayekuambia kuwa ni mapepo ya katuni anakupotezea wakati.

Ukutani au mezani?

Runinga za zamani zilikuwa nzito. Runinga bapa ni nyepesi, miguu yake ni myembamba, na uzito wake wote uko juu. Mtoto wa miaka miwili akivuta droo za kabati na kuzipanda kama ngazi ili aguse simba, kabati na runinga humwangukia pamoja. Kichwa ndicho kinachopigwa. Walio katika hatari zaidi ni wa kati ya mwaka mmoja na mitano.

Ukiweza, ifunge ukutani. Nyuma ya runinga kuna matundu manne ya skrubu. Pima umbali kati yake, kwa mfano milimita 200 kwa 200, kisha ununue chuma kinacholingana na kinachobeba uzito wake. Fundi atoboe jiwe lenyewe wala si lipu. Mwenye nyumba akikataa ukuta utobolewe, iweke juu ya meza fupi na pana, uisukume nyuma, na uifunge kwa mkanda hadi kwenye kabati zito au kwenye fremu ya dirisha. Rimoti na vikaragosi visiwekwe juu yake kamwe. Hivyo ni chambo.

Usiitundike juu karibu na dari kama ilivyo hotelini. Katikati ya kioo pawe kimo cha macho ya mtu aliyeketi, yaani kama mita moja kutoka sakafuni. Wengi wanaolalamikia maumivu ya shingo kila Jumatatu wametazama mechi mbili mfululizo vichwa vikiwa vimeinuliwa.

Deki na sauti

Deki za kanda zimepitwa na wakati, na nafasi yake imechukuliwa na visanduku vidogo vinavyocheza filamu kutoka kwa flashi au intaneti. Usikimbilie kukinunua, runinga nyingi za sasa zina tundu la USB na huzicheza zenyewe. Ukikihitaji, chagua kilichoandikwa H.265 au HEVC, kwa sababu filamu nyingi za sasa hubanwa kwa mfumo huo na visanduku vya kale hukwama. Kiunganishe kwa kebo ya HDMI; ile ya plagi nyekundu, nyeupe na manjano haipitishi picha ya HD. Flashi ya mfumo wa FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4. Kiweke mahali penye hewa, wala si juu ya king'amuzi kinachochemka.

Mambo mawili kuhusu kisanduku hicho yanahusu afya moja kwa moja. Kwanza, kinacheza kipindi baada ya kipindi bila kukuuliza, na saa saba za usiku hufika ukiwa bado macho. Zima mpango huo wa kuendelea wenyewe, na usikiweke chumba cha kulala. Pili, rimoti zake ndogo wakati mwingine hutumia betri bapa mfano wa sarafu. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, huanza kuunguza umio kwa muda wa saa mbili tu. Usimtapishe. Mpeleke hospitali kubwa mara moja na useme wazi kwamba ni betri. Kabla ya kununua, fungua rimoti uone: kifuniko kiwe na skrubu, au inunuliwe inayotumia betri za kawaida.

Runinga bapa zina spika ndogo zinazoelekea nyuma au chini, hivyo maneno husikika kama yanatoka ndani ya mtungi. Watu huongeza sauti, mlipuko unapokuja watoto wanashtuka. Tafuta kwanza mpango wa sauti unaoitwa Speech au Clear Voice, au ununue spika ndogo ya pembeni. Ikiwa inakubidi kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, basi runinga iko juu mno. Na babu akianza kuomba sauti iongezwe kila wiki huku wengine wakiziba masikio, mpeleke apimwe. Mara nyingine huwa ni nta tu.

Stima

Soma kibandiko kilicho nyuma. Stima yetu ni volti 240, nayo matangazo ya bure ya kidijitali hapa Kenya hutumia mfumo wa DVB-T2. Runinga iliyotumika kutoka Japani huenda ikawa ya volti 100, na haitashika stesheni zetu bila king'amuzi. Iliyotoka Uingereza hukubali stima yetu, lakini za kale zina DVB-T pekee. Kibandiko kikisema volti 100 hadi 240, uko salama. Ongeza kile kifaa cha kuikinga stima inapopanda na kushuka, ambacho mafundi hukiita tivi gadi. Kukiwa na radi, hasa ukiwa Kisii au Kakamega, chomoa plagi na waya wa antena mapema, kabla ya mawingu kufika juu ya paa.

Na ile runinga ya zamani yenye mgongo? Usiwape vijana waivunje wapate shaba. Kioo chake kina risasi nyingi, na tyubu huweza kuhifadhi umeme kwa muda mrefu baada ya plagi kuchomolewa. Nairobi kuna vituo vinavyopokea taka za elektroniki. Hadi utakapoipeleka huko, iweke sakafuni, kioo kikielekea ukutani, mahali ambapo watoto hawachezi.